Mji Mkongwe kwa miguu: panga safari yako kwa mwezi na kivuli

Mji Mkongwe wa Unguja ni mdogo. Eneo ambalo UNESCO ililiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 lina hekta 96 tu, na ukifuata bahari kutoka gati ya Malindi kwa mwendo wa kawaida, kabla nusu saa haijaisha umefika Shangani. Gari huhitaji, na ndani ya vichochoro halipiti. Kinachomsumbua mgeni hapa ni saa. Mji umeelekea magharibi: asubuhi jua hutokea nyuma ya majumba, jioni huzama mbele ya Forodhani, bustani ya ukingo wa bahari. Anayekuja na orodha ya vivutio na kuanza kuikimbilia saa 5 asubuhi atasimama mbele ya Ngome Kongwe jua likiwa utosini, wakati wenyeji wote wamejificha ndani. Mwongozo huu unakupangia uwe wapi na saa ngapi kwa siku mbili, uwe umetoka bara, Mombasa, Kigali au Muscat.

Kwanza, tazama mwezi

Kabla ya kukata tiketi, fungua kalenda ya Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa makadirio tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, maji huwa ya bamvua: yanapwa sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na yanajaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni. Tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Kwa mtembezi hizo ndizo siku bora. Asubuhi mafungu ya mchanga yanajitokeza baharini na unaweza kwenda kuyakanyaga. Jioni bahari inagusa ukuta wa Forodhani, na vijana wa mtaa wanapiga mbizi kutoka juu ya ukuta huku watu wakiwashangilia. Ukija siku za maji mafu, wiki moja baadaye, mambo hugeuka. Maji hupwa alasiri, na fungu asubuhi halionekani vizuri.

Kuhusu msimu, miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, ndiyo mizuri kwa miguu: hewa ni ya ubaridi kidogo na mvua ni chache. Kaskazi, Desemba hadi Machi, joto ni kali ila bahari imetulia. Masika ya Aprili na Mei sikushauri, labda kama unataka kuona mabaraza ya mawe yaliyo mbele ya nyumba yakifanya kazi yake nyingine, maana maji yakijaa vichochoroni watu hupita juu yake. Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004. Ukija wakati huo tafuta chumba mapema.

Ramadhani iamue kwa makusudi. Mchana sehemu nyingi za chakula hufungwa, na kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani ni kuwakosea heshima watu. Lakini baada ya magharibi mji huamka, na futari ya Unguja ina vyakula ambavyo miezi mingine huvipati kwa wingi huo. Kama uko tayari kufuata saa za wenyeji, ni mwezi mzuri sana wa kuja.

Kuvuka

Boti za kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa 2. Nunua tiketi ofisini kwa kampuni au kwenye mtandao wake. Ukiwa nje ya geti la bandari watakufuata watu wenye vitambulisho vya shingoni wakidai ndio mawakala, wapite. Mtanzania abebe kitambulisho cha taifa, kwa sababu nauli ya mwananchi na ya mgeni ni tofauti na ataulizwa. Mwenye pasipoti ya nchi nyingine ataikabidhi uhamiaji wa Zanzibar hata kama ilishagongwa muhuri Dar, na tangu Oktoba 2024 wageni wa kigeni wanatakiwa kuwa na bima inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, kwa hiyo soma masharti yake ukiwa bado nyumbani. Mifuko ya plastiki iache hukohuko.

Ukitoka getini Malindi utapokelewa na papasi, vijana wanaoongoza wageni kwa kamisheni. Wengi wao si watu wabaya, ila kamisheni yao inaingia kwenye bei ya chumba chako. Salimia, sema "Ahsante, nina mwenyeji wangu," kisha endelea kutembea. Ukisimama kueleza zaidi ya hapo, umeshaanza mazungumzo ya biashara.

Pa kulala

Lala ndani ya Mji Mkongwe, hata kama ufukwe wa Nungwi au Paje ndio uliokuleta kisiwani. Usiku mmoja au miwili hapa kwanza, ufukwe baadaye. Malindi, Kiponda na Mkunazini ni karibu na bandari na soko, na gesti zake ni nafuu. Shangani kuna utulivu na upepo wa bahari, na bei hupanda ipasavyo.

Unapoulizia chumba, uliza mambo matatu: kiko ghorofa ya ngapi, umeme ukikatika kuna jenereta, na maji yanafika juu? Nyumba hizi za mawe ya matumbawe na chokaa zina ngazi za kusimama wima na lifti hazina. Mzazi mwenye magoti mabovu muombee chumba cha chini. Usishangae chumba kuwa kirefu na chembamba. Dari imelazwa kwenye boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Na kwa kuwa mji una misikiti karibu 50, adhana ya alfajiri itakufikia popote ulipo. Ichukue kama saa yako ya kuamkia, kwa sababu matembezi yetu yanaanza mapema.

Ujue upande ulipo

Ramani ya simu huchanganyikiwa vichochoroni, kuta ni ndefu na njia ni nyembamba. Tumia dira ya wenyeji. Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini mwa Unguja, kwa hiyo kibla hapa ni kaskazini. Ukiona msikiti, tafuta mihrabu iliyochomoza ukutani: huko ndiko kaskazini. Ukielekea huko, bahari ya Forodhani iko kushoto kwako na soko la Darajani liko kulia.

Kingo za mji nazo zitakusaidia. Magharibi na kaskazini kuna bahari. Mashariki kuna Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi bado huiita Creek Road, kwa sababu zamani ilikuwa hori ya maji iliyotenganisha mji na Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili. Shika upande mmoja usiuache, na baada ya dakika kumi au kumi na tano utatokea mahali unapopajua. Ukikwama kabisa, muulize mtu mzima aliyekaa barazani, na salamu itangulie: "Asalaam aleykum, mzee, naomba njia ya Forodhani." Mara nyingi atamtuma mtoto akufikishe.

Sikiliza pia vishindo vya nyuma. Vespa, baiskeli na mikokoteni ya mahamali hupita humohumo unamopita wewe. Ukisikia kengele, honi au sauti ya kuomba njia, jibane ukutani.

Asubuhi: Malindi, Darajani, Mkunazini

Toka saa 12:30 asubuhi uende soko la samaki Malindi wakati vyombo vinashusha. Vaa viatu visivyoteleza. Dalali ananadi kwa kasi, wachuuzi wanajibu kwa ishara, na mgeni anayesimama katikati ya njia anawachelewesha watu walio kazini, kwa hiyo simama pembeni.

Kutoka hapo tembea hadi Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904. Kunywa chai ya maziwa na mandazi au vitumbua pembeni mwake. Viungo nunua hapa, upande wanaonunua akina mama wa nyumbani, kuliko kwenye maduka ya zawadi ya Shangani. Karafuu chagua nzima, yenye kichwa chake. Ukiibana kwa ukucha inatoa mafuta. Chukua pakiti ndogo za matumizi ya nyumbani tu, maana biashara ya karafuu iko mikononi mwa shirika la serikali, ZSTC, na kutoka na gunia ni magendo.

Saa 3 ingia Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana. Mahali hapa ningekuomba usipaharakishe. Palikuwa soko la watumwa mpaka mwaka 1873, Sultani Barghash bin Said alipotia saini mkataba wa kulifunga kwa shinikizo la Waingereza. Mwaka huohuo wamisionari wakaanza kujenga juu ya uwanja wenyewe. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya altare. Ndani utaonyeshwa msalaba uliochongwa kwa mti wa kijijini Chitambo, Zambia, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa, na nguzo ambazo mafundi walizisimamisha kichwa chini. Nje, ndani ya shimo, kuna sanamu za watu waliofungwa mnyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998.

Utashushwa pia kwenye vyumba vya chini ambavyo waongozaji husema watumwa walilundikwa humo. Jengo lililo juu yake lilijengwa baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka maelezo hayo. Shaka hiyo haipunguzi kitu katika yaliyotendeka kwenye uwanja. Waliouzwa hapa walitoka kandokando ya Ziwa Nyasa, Unyamwezi, mpaka Manyema ya Kongo, kwa misafara ya watu kama Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, ambaye nyumba yake utaipita jioni Shangani. Njia hizohizo za pembe na watumwa ndizo zilizofikisha Kiswahili Kindu na Kisangani. Msomaji wa Kiswahili kutoka bara au Kongo ana ukoo na shimo lile kuliko mtalii yeyote mwingine, kwa hiyo kaa kimya kidogo pale kabla ya kutoa simu ya picha.

Mchana: fuata kivuli

Kati ya saa 5 na saa 9 kaa vichochoroni. Vilijengwa vyembamba na majumba yake marefu, na jua la mchana haliwezi kuvifikia vyote. Kutoka Mkunazini pita Hamamni, kwenye bafu la umma alilojengesha Barghash. Kiingilio ni kidogo na dakika ishirini zinatosha. Endelea Sokomuhogo mpaka Jaws Corner, makutano yenye baraza ambako wazee wanacheza dhumna na bao na kujadili siasa. Kahawa chungu hutoka kwenye dele, kikombe kidogo, bei ndogo, na kashata pembeni. Kaa. Kwa sababu unajua lugha, utasikia mambo ambayo mgeni wa Ulaya anayapita bila kujua, na ukitulia na kusikiliza bila kukimbilia kutoa maoni, utaulizwa kwenu wapi.

Milango ndiyo kazi ya mchana huu. Usiitazame yote, jifunze kutofautisha aina tatu, kisha macho yatajiongoza yenyewe. Mlango wa Kiarabu una kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingi kimechongwa maandishi ya Kurani, na pembeni kuna mnyororo, samaki, mitende au maua ya yungiyungi. Mlango wa Kihindi una tao juu na vichwa vya shaba vilivyochongoka, desturi iliyotoka India. Ile ya Kigujarati imegawanyika vipande vinavyokunjana, na utaikuta kwenye nyumba zilizokuwa maduka. Hurumzi, Kiponda na Baghani ni mitaa mizuri ya kuitafuta. Kumbuka nyuma ya kila mlango kuna familia: piga picha ya mbao, na ukitaka mtu awemo muombe kwanza.

Utaona pia nyumba zilizoanguka, kuta zilizoegemezwa magogo, miti iliyoota dirishani. Chokaa iliyoingiwa na mvua bila kupakwa upya huchoka, boriti zikaoza, na ghorofa likashuka. Inaniuma kila ninapopita. Mgeni anayelala kwenye nyumba ya zamani iliyokarabatiwa kwa chokaa na mikoko, badala ya iliyopigwa saruji, anamlipa fundi anayejua kuitunza. Uliza hilo unapotafuta chumba.

Chakula cha mchana tafuta mgahawa unaojaa wafanyakazi wa ofisini: wali wa nazi, mchuzi wa samaki, boga la nazi, pilau siku ya Ijumaa. Ijumaa maduka hufungwa wakati wa sala ya adhuhuri, panga manunuzi kabla. Urojo, supu nzito ya hapa, kula alasiri kwa mama wa mtaani, sufuria ikiwa mbele yako, na bajia, kachori na chips za muhogo zikiongezwa juu. Wa Forodhani si mbaya, lakini wa mitaani ndio wenyewe wanaoula.

Mavazi ya vichochoroni ni ya stara: mabega na magoti yafunikwe, kwa wanawake na wanaume. Nguo za ufukweni ni za ufukweni.

Alasiri hadi usiku: ukingo wa bahari

Saa 10 anzia Mizingani, chini ya Mti Mkubwa uliopandwa mwaka 1911, ambako mafundi hutengeneza na kupaka rangi mashua kivulini. Sasa jua linapiga nyuso za majumba, na kila nakshi inaonekana. Ya kwanza ni Zahanati Kongwe yenye roshani za mbao, jengo alilolianzisha tajiri Tharia Topan mwaka 1887 na kumalizika 1894. Kisha Jumba la Mfalme, halafu Beit el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, alilolijenga Barghash mwaka 1883.

Kati ya majumba hayo mawili kuna bustani. Pale palisimama jumba jingine la kifalme, Beit al-Hukm, mpaka tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipopiga mabomu kumng'oa Khalid bin Barghash kwenye kiti. Vita vilikwisha kwa kama dakika 40. Beit el-Ajaib ilinusurika siku ile. Haikunusurika na uchakavu: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ilianguka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Itazame ukiwa nje ya uzio.

Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, inatosha kwa robo saa, isipokuwa usiku wa ngoma au taarab. Muulize mwenyeji wako kama kuna onyesho. Mji huu una Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club ya mwaka 1958, na kuwasikia mahali walipozaliwa ni bora kuliko jumba lolote la makumbusho. Wapenzi wa Queen wataikuta Shangani makumbusho ya Freddie Mercury, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Jua huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 kutegemea mwezi wa mwaka. Litazame kutoka Shangani, halafu rudi Forodhani.

Meza za Forodhani huwashwa magharibi. Kanuni ni moja: bei kwanza, mshikaki baadaye. Ukisema "nipe hiki na kile" bila kuuliza, hesabu itakuja ya dola. Dagaa na pweza waliokwisha chomwa na kupangwa meza nzima waache. Agiza kinachopikwa ukiona. Kwa hiyo mimi hupendekeza zanzibar pizza, inayokandwa na kukunjwa mbele yako na kima na yai ndani, na juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi. Ukitaka samaki, chagua meza yenye familia za hapa zimesimama.

Baada ya saa 4 usiku rudi kwa njia zenye taa na watu, na simu iwe mfukoni. Vichochoro vya ndani usivipite peke yako saa hizo.

Siku ya pili: baharini

Saa 3 asubuhi nenda pwani ya karibu na Forodhani ukakodi boti ya kwenda kisiwa cha Changuu. Patana bei ya boti nzima, kwenda na kurudi na muda wa kusubiri, na ulipe ukirudi. Kiingilio cha kisiwa hulipwa peke yake. Kabla ya kupanda, hesabu jaketi za kujiokolea, na kama hazitoshi watu wote tafuta nahodha mwingine. Safari ni kama nusu saa. Kisiwani kuna kobe wakubwa ambao mababu zao waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na jengo lililokusudiwa kuwa jela katika miaka ya 1890 lakini likatumika kama karantini ya wasafiri. Kobe usiwakalie.

Kama umechagua siku za bamvua, mwambie nahodha akupitishe fungu la Nakupenda maji yakiwa yamepwa, na mkubaliane saa ya kuondoka kabla hayajarudi. Fungu halina kivuli. Beba maji, kofia na kanga. Wakati wa kusi upepo huongezeka mchana, kwa hiyo saa 7 uwe umerudi mjini. Na usikose kumwomba apunguze mwendo mnapokaribia: ukiwa majini ndipo unapouona mji wote kwa mara moja, jinsi mabaharia wa kaskazi walivyouona.

Kwa boti ya kurudi Dar, fika gatini saa nzima kabla. Kusi likivuma, safari hii ndiyo inayokutana na mawimbi usoni, tofauti na ya kuja. Kula kidogo, meza dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, keti sehemu ya chini upande wa nyuma, na halua yako ifunge vizuri isimwagikie nguo.